Usiifungue Kabureta Kabla Hujajua Inavujia Wapi

(Hotuba kwa mafundi, wanafunzi wa ufundi na wenye Land Rover za zamani, Arusha)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu wenye magari, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mnaoandika huku vidole bado vina grisi: shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kabureta zinazovuja petroli, yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya kale, siku hizi kila gari lina kompyuta. Sawa. Lakini tokeni nje muone kilichoegeshwa hapo uwanjani. Land Rover Series II ilianza kuuzwa mwaka 1958, IIA ikafuata 1961, na Series III ikatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Nyingi za petroli zina injini ile ile ya cc 2286, za zamani zikiwa na kabureta ya Solex na za baadaye Zenith 36 IV. Hazijaenda makumbusho. Bado zinabeba maziwa, mbao na watu wa harusi. Kwa hiyo kabureta kwetu hapa ni kazi ya leo, na mtu akifika na gari linalonuka petroli hawezi kuambiwa arudi mwaka kesho.

Nina neno moja kubwa, mengine yote ni matawi yake. Mwenye gari anakuja, anasema, "Fundi, ndani kunanuka mafuta." Fundi anafungua boneti, anaona kabureta imelowa, anachukua bisibisi. Hajachukua tochi, kachukua bisibisi! Baada ya nusu saa mfuniko uko mezani, kila kitu kimeoshwa, ripea kiti mpya (seti ya gasketi na vipuri vidogo) imefungwa, kabureta inang'aa. Mwenye gari analipa, anashukuru. Wiki ijayo amerudi na harufu ile ile, maana kilichokuwa kinavuja ni mpira wa mafuta uliopasuka juu ya kabureta na kuidondoshea. Kabureta ilikuwa inalowa tu. Petroli inapovuja huacha ushahidi, nasi tunaufuta kwa brashi kabla ya kuusoma.

Kabla sijaeleza namna ya kuusoma, tuzungumze moto, kwa sababu hapa watu wanaungua. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye joto letu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo haupandi juu na kupotea. Unatambaa chini, unaingia kwenye shimo la gereji na kukaa humo. Wewe umesimama juu hunusi chochote, mwenzako yuko shimoni na grainda. Gari linalovuja petroli haliletwi juu ya shimo. Linasukumwa nje, mahali penye upepo, mbali na mtu anayechomelea na mbali na jiko la mama lishe. Najua mama lishe ni mteja na jirani, lakini mkaa wake ukiwa hatua chache kutoka hapo, mwombe kwa heshima asogee, au sogea wewe. Toa waya wa betri, ule uliofungwa kwenye bodi ya gari, kabla ya kugusa chochote. Weka mtungi wa kuzima moto wa unga mkavu karibu na mkono, na uangalie geji yake. Ndoo ya maji si kitu hapa; petroli huelea juu ya maji na kwenda kuwaka mbele zaidi.

Na kwa Land Rover hizi kuna jambo la ziada. Injini ya 2286 ina manifodi (bomba lenye matawi) ya kuingizia hewa na mafuta na manifodi ya ekzosi upande mmoja, na kabureta imekaa juu ya ekzosi. Ndivyo zilivyo pia Mini, Morris Minor, Corolla za injini ya K na Datsun za injini ya A. Tone linalotoka kwenye kabureta ya namna hiyo linaangukia chuma cha moto. Siku nyingi linakauka tu na kuacha harufu. Hiyo "siku nyingi" ndiyo inayotudanganya tukaendelea kuendesha.

Haya, sasa kusoma. Petroli iliyokauka huacha doa la rangi ya chai, na kwenye aloi ya zinki ambayo kabureta nyingi zimetengenezwa kwayo doa hilo linaonekana vizuri. Fuata doa kwenda juu, siyo chini. Mafuta hushuka, kwa hiyo chanzo ni pale juu kabisa doa linapoanzia. Kama kabureta yote ni nyeusi kwa vumbi na mafuta, isafishe kwa nje tu, ikiwa bado imefungwa mahali pake, iache ikauke kabisa, kisha pulizia unga wa chaki kuizunguka. Chaki ile ile ya shule, imesagwa. Halafu usiwashe gari. Pampu ya mafuta ya Land Rover hizi ina kijiti cha kupampu kwa mkono. Pampu taratibu mpaka bakuli la kabureta linalohifadhi mafuta lijae, ndipo utazame. Unga ukilowa, utaona petroli ikichora mstari kutoka mahali pamoja: kwenye kiungo cha bomba, kwenye mshono wa mfuniko, au kwenye tundu la kupumulia bakuli. Sehemu hizo tatu ni magonjwa matatu tofauti, na dawa zake hazifanani.

Ikiwa ni kwenye kiungo au mpira, shukuru, ni kazi ndogo. Ila msifunge ule mpira mweupe wa maji unaoonyesha ndani. Unapendeza siku ya kwanza kwa sababu unaona mafuta yakipita, lakini petroli inaufanya mgumu kama kijiti na unapasuka kwenye klipu. Nunua mpira wa mafuta wenye maandishi ubavuni, SAE J30 R6 au R7 kwa magari ya kabureta, R9 ni bora zaidi. Usipoona maandishi, usinunue, hata kama muuzaji anaapa. Klipu nayo iwe ya saizi ya mpira. Klipu kubwa iliyokazwa mpaka mwisho inakuwa yai, inabana pande mbili na kuacha pande mbili.

Ikiwa petroli inatoka kwenye tundu la kupumulia, au inaonekana ikidondoka ndani ya koo la kabureta, yaani njia ya hewa, wakati injini imezimwa, hapo bakuli linajaa kupita kiasi. Mafundi tunasema kabureta inamwaga. Na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi za wateja zinapopotelea.

Ndani ya bakuli kuna boya na sindano, vinavyofanya kazi sawasawa na boya la tangi la maji la nyumbani: kiwango kikipanda boya linapanda, linasukuma sindano, njia inafungwa. Basi. Kabureta ikimwaga ni moja kati ya manne: sindano haifungi, boya limezama, kipimo cha boya kimeharibika, au mafuta yanaletwa kwa nguvu kuliko sindano inavyoweza kuzuia. Fundi anayebadilisha sindano bila kuuliza juu ya mengine matatu anacheza bahati nasibu kwa pesa ya mwenzake.

Anza na sindano. Itoe, ishike kwenye mwanga, ipitishe kucha kwenye ncha. Ncha ya chuma iliyochakaa ina pete nyembamba inayong'aa pale inapokutana na kiti chake, yaani tundu inaloliziba, na kucha inaihisi kama mfereji. Ncha ya mpira mweusi, kama imekuwa ngumu au imeumbuka, imekwisha. Sindano na kiti hubadilishwa pamoja. Sindano mpya kwenye kiti kilicholika ni ndoa isiyodumu. Lakini mara nyingi mtakuta sindano ni nzima na chembe ya kutu tu imekaa katikati. Kutu hiyo haikuzaliwa kwenye kabureta. Imetoka kwenye tangi, na ukisafisha kabureta ukaliacha tangi na kikombe cha pampu cha kuzuia uchafu, umeahirisha tatizo. Kupima ni rahisi: geuza mfuniko juu chini, boya likalalie sindano kwa uzito wake, weka mpira safi kwenye njia ya kuingilia mafuta na puliza kwa mdomo. Hewa isipite. Inua boya kidogo kwa kidole, hewa ipite. Nimesema puliza, sikusema vuta.

Nikiwa hapo hapo: tuache hii tabia ya kunyonya petroli kwa mdomo tunapohamisha mafuta. Petroli ikiteleza kwenye mapafu inayaunguza, na mtu anaweza kulazwa au kufa. Mwenzako akimeza, usimtapishe, maana inaporudi juu ndipo inaingia mapafuni. Na usimpe maziwa eti yanakata sumu. Mpeleke hospitali. Pampu ya mkono ya plastiki inauzwa kila mahali.

Boya. Boya la shaba litikise sikioni. Ukisikia maji ndani, hayo si maji. Kama huna uhakika, lizamishe kwenye bakuli la maji ya moto, siyo juu ya jiko, na utazame vipovu: vinapotokea ndipo penye tundu. Boya lililoingiwa na petroli halilehemiwi mpaka petroli yote iwe imetoka na mvuke umeisha kabisa. Ukilipeleka kwenye moto na mvuke ndani, umeshika bomu dogo mkononi. Na ukilehemu, tumia risasi kidogo sana, maana kila gramu unayoongeza inalifanya boya lizame zaidi na mafuta yapande zaidi. Boya la plastiki halitoboki kirahisi, ila baadhi hunywa petroli polepole na kuwa zito; lipime uzito ukilinganisha na jipya. Kwangu mimi boya la plastiki lililochoka ni la kutupa, sitaki kusikia habari za gundi.

Kipimo cha boya kila kabureta ina chake, na kimeandikwa kwenye kitabu cha matengenezo cha gari husika. Mtu asikuambie "weka katikati tu". Mfano, kwenye kabureta za SU aina ya HS, zile za Mini na Morris, unageuza mfuniko na kupitisha kekee ya inchi moja ya nane, yaani milimita 3 na kidogo, kati ya mkono wa boya na mfuniko. Kekee iguse bila kusukuma. Kwenye Solex ya Volkswagen ya mgongo wa kobe, kiwango kinarekebishwa kwa unene wa washa iliyo chini ya kiti cha sindano, na hiyo washa isipokazwa vizuri nayo inapitisha mafuta pembeni, ukabaki ukilaumu sindano isiyo na hatia.

La nne ni nguvu ya mafuta, na hili limeletwa na sisi wenyewe. Pampu ya asili ya gari la kabureta inasukuma kwa shinikizo la bar 0.2 au 0.3 hivi. Ikifa, mtu anakwenda sokoni anapewa pampu ya umeme iliyotolewa kwenye gari la injeksheni, lisilo na kabureta. Hiyo inasukuma bar 2.5 hadi 3, mara kumi hivi. Hakuna sindano ya kabureta itakayoizuia, hata itoke kiwandani jana. Gari linamwaga, fundi anabadilisha kiti, linamwaga tena, anabadilisha kabureta nzima, linamwaga tena. Kaulize kwanza pampu imetoka wapi.

Mzee wangu pale nyuma ananiuliza kwa nini gari lake linamwaga likiwa limeegeshwa juani, halijawashwa tangu asubuhi. Mzee, mfuniko wa tangi umebadilishwa? Naona anacheka. Mfuniko wa asili unapumua. Ukipotea, tunaweka wowote unaoingia, na mwingine haupumui kabisa. Jua likipiga tangi, mvuke unajaa, hauna pa kutokea, unasukuma petroli kupitia kwenye bomba hadi kwenye kabureta na kuizidi nguvu sindano. Lile gari lake halihitaji fundi wa kabureta, linahitaji mfuniko.

Sasa ugonjwa wa tatu, mshono wa mfuniko. Wenye Zenith 36 IV mnisikilize vizuri. Mfuniko wa kabureta hiyo unapinda. Aloi yake ni laini, mtu anaona unyevu kwenye mshono, anakaza skrubu. Kesho unyevu upo, anakaza tena. Kila anapokaza pembeni, katikati panainuka. Mwishowe hakuna gasketi duniani itakayoziba. Na ndani yake kuna oringi ndogo, pete ya mpira, kwenye bloku ya emulsheni, kile kipande cha ndani ambamo petroli huanza kuchanganywa na hewa. Ikikauka, mafuta yanapita pasipotakiwa, gari halishiki sailensi (kuunguruma polepole bila kukanyaga mafuta), linatoa moshi mweusi na kunywa mafuta, ingawa kwa nje kabureta ni kavu. Oringi hiyo bei yake ni ya soda. Watu wametupa kabureta nzima kwa ajili yake.

Kunyoosha mfuniko: tafuta kioo kinene kilicho sawa, kipande cha kioo cha dirisha la duka kinafaa. Laza msasa wa maji namba 400 juu yake, weka maji kidogo, toa kila kitu kwenye mfuniko kinachotokeza, halafu usugue kwa mwendo wa namba nane, kwa uzito wa mkono tu. Baada ya mizunguko michache geuza utazame. Palipong'aa ni palipoinuka, palipobaki na kijivu cha zamani ni palipozama. Endelea mpaka uso wote uwe na rangi moja, na hapo simama, usiendelee kwa sababu unaona raha. Tazama na uso wa mwili wa kabureta pia, maana hupinda vilevile. Osha, puliza matundu yote kwa kompresa, lakini boya liwe limetolewa. Upepo wa kompresa unaweza kulibonyeza. Jeti, vile vipande vyenye tundu la kupimia mafuta, hazichokonolewi kwa waya. Jeti iliyoandikwa 125 ina tundu la milimita 1.25, na waya wako hauijui hesabu hiyo.

Gasketi ikikosekana, kata mwenyewe kwa karatasi ya gasketi inayovumilia petroli, siyo boksi la biskuti. Na usikate kwa kugonga nyundo kwenye kingo za kabureta kama tunavyofanya kwa kifuniko cha gea. Zinki inameguka. Chora kwa kalamu, kata kwa wembe, toboa matundu kwa panchi. Hesabu matundu ya gasketi ya zamani kabla ya kuitupa. Kuna vijitundu vyembamba vya njia za mafuta na hewa, ukisahau kimoja kabureta itakusumbua na hutajua kwa nini. Skrubu kaza kwa mshazari, kidogo kidogo, kwa bisibisi fupi. Washa gari lipate moto, zima, lipoe, kisha pitia skrubu mara moja tu.

Silikoni. Naona vijana wananitazama. Silikoni ya kawaida ya gasketi petroli inailainisha, inavimba, inakatika vipande, vipande vinakwenda kwenye jeti. Haina kazi kwenye kabureta, ya bluu wala nyekundu wala nyeusi. Sabuni ya kipande nayo najua tunaipaka kwenye tangi lililotoboka njiani, na kweli inasaidia kufika nyumbani, kwa sababu sabuni haiyeyuki kwenye petroli. Kwenye tangi, mpaka nyumbani. Kwenye kabureta iliyo juu ya ekzosi ya moto, hapana.

Wenye Volkswagen nisiwaache, mko wachache lakini gari lenu lina hatari yake. Bomba dogo la shaba linaloingiza mafuta kwenye kabureta ya Solex limeshindiliwa tu, halina nyuzi. Miaka ikienda linalegea, na siku moja linachomoka likiwa na mpira wake, pampu inamwaga petroli juu ya distribyuta, inayogawa umeme wa cheche kwa plagi. Lishike kwa vidole leo hii, ulizungushe. Likizunguka, gari lisiende kokote mpaka limetolewa na kutengenezewa kiungo cha nyuzi. Na mjue kwamba kizimba cha injini yenu ni aloi ya magnesiamu. Ikishika moto haizimiki kwa maji, maji yanaichochea. Hilo bomba linaweza kukaguliwa hata na mtoto wa shule, na sioni sababu ya mtu kupoteza gari kwa ajili yake.

Kuna harufu moja ambayo si uvujaji, nayo inawasumbua sana watu wa nyanda za joto. Gari limetoka safari ndefu, limezimwa, dakika kumi baadaye kunanuka na haliwaki kirahisi. Joto la injini limepanda kwenye bakuli na petroli imechemka. Tazama chini ya kabureta kama kile kipande kinene cha bakelaiti, plastiki ngumu, bado kipo. Wapo mafundi wanaokitoa wakidhani ni takataka, au wanaweka cha alumini kwa sababu cha bakelaiti kimepasuka. Alumini inapitisha joto, bakelaiti inalizuia.

Mkimaliza kazi, pampu kwa mkono kwanza, tazameni mshono kwa tochi, ndipo muwashe. Liacheni liungurume mpaka lipate moto, lizimeni, ngojeni dakika kumi, tazameni tena. Kisha, na hili karibu kila mtu analisahau, chomoeni dipstiki ya oili. Kabureta iliyomwaga kwa siku kadhaa imeshusha petroli kwenye silinda na kutoka hapo kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kama oili imepanda juu ya alama na inanuka petroli, haifai tena kulainisha vyuma. Mwageni yote na badilisheni filta kabla gari halijatoka getini, hata kama mwenye gari ana haraka na anasema atarudi Jumamosi.

Maswali, karibuni.